"Rudi kwenu" ya mtandaoni

Mwanafunzi Mlatino wa chuo, mzaliwa wa Texas, akiandikiwa mtandaoni "rudi kwenu", huambiwa azime simu. Ushauri huo siukubali. Masomo yake yamo humo humo, na tusi humfuata hadi kitandani.

Mwaka 2008 Brendesha Tynes na wenzake waliwachunguza vijana wa Marekani wa miaka 14 hadi 18. Waliobaguliwa wao wenyewe mtandaoni walikuwa na dalili zaidi za huzuni nzito na wasiwasi, hata ubaguzi wa nje ya mtandao ulipowekwa kando katika hesabu. Yaani ni jeraha jingine.

Sisi Wapwani tulioulizwa cheti cha babu tukitafuta kitambulisho, twaujua uchungu wa "kwenu wapi". Mwenzake wa chumbani na aanze kwa kumuuliza ameandikiwa nini.