Kompyuta Ikiganda, Usikimbilie Kupiga Windows

Mshale hausogei, saa ya pembeni mwa kioo imesimama, na kama muziki ulikuwa unapigwa, kipande kifupi cha sauti kinajirudia bila kukoma. Mafundi wengi hapo wana jibu moja: kupiga Windows upya. Mteja analipa, mafaili yanapotea, na baada ya muda mashine inaganda tena kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye Windows.

Tatizo hili halina shahidi. Prosesa ikisimama, hata programu inayoandika makosa imesimama nayo. Ukiwasha tena, Windows huandika tukio namba 41, Kernel-Power, na watu hulisoma kama ndilo chanzo. Linachosema ni kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Kwa hiyo ushahidi ulio nao ni wakati: inaganda ikifanya nini?

Kwanza bonyeza Caps Lock utazame taa yake. Ikiwaka na kuzima, mfumo endeshi kwa kawaida bado uko hai, pengine unasubiri diski au kadi ya picha. Isipoitikia, hitilafu iko chini zaidi.

Mashine inayoganda ikiwa na kazi nzito, shuku joto na umeme: vumbi kwenye feni, pasti iliyokauka juu ya prosesa, pawa saplai iliyochoka. Hayo mafundi wanayajua. Linalowapita wengi ni mashine inayoganda ikiwa haifanyi chochote. Prosesa isiyo na kazi hujilaza kuokoa umeme, volteji hushuka, na ndipo nyingine hushindwa kuamka. Wenye Ryzen za kwanza za AMD, zilizotoka 2017, walisumbuka sana na jambo hili kwenye Linux. Dawa ilikuwa ndani ya BIOS: kipengele cha Power Supply Idle Control kiwekwe Typical Current Idle.

Halafu kuna zinazoganda kwa saa maalumu, na hapo mtuhumiwa ni programu dhibiti, ile iliyopakiwa kiwandani ndani ya kifaa chenyewe. Diski ya SSD ya Crucial m4 ilikuwa na kosa kwenye hesabu ya saa zake. Ikifikisha saa 5,184 za kuwashwa, iliacha kuitikia. Ukizima na kuwasha ilirudi, kisha baada ya saa moja ikaganda tena. Mwenye diski hiyo angeweza kupiga Windows mara kumi asipate nafuu. Toleo la 0309 la Januari 2012 ndilo lililomaliza tatizo.

Ikiganda bila mpangilio wowote, RAM ipime kwa programu ya Memtest86+ usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Likitokea, toa vijiti vyote, upime kimoja kimoja, na XMP, mpangilio wa BIOS unaoiongezea RAM kasi, iwe imezimwa.

Usiamini sana ujumbe unaoonekana kwenye kioo. Baadhi ya prosesa za mezani za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilipoanza kuyumba, michezo ilidai kadi ya picha imeishiwa kumbukumbu. Kadi zilikuwa nzima. Prosesa ndizo zilizokuwa zikiharibiwa na volteji iliyopanda kupita kiasi. Agosti 2024 Intel ilitoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129, inayoingia kupitia BIOS mpya, na mwezi uliofuata ikaongeza 0x12B. Marekebisho hayo yanakinga chipu iliyo nzima, lakini iliyokwisha kuharibika haiponi.

Kusasisha BIOS kuna hatari yake hapa kwetu: umeme ukikatika katikati ya kazi, madabodi inaweza isiwake tena. Mashine ya mezani iwe kwenye UPS, laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ichomekwe. Faili lipakue kwa mtengenezaji wa madabodi, la modeli hiyo hiyo, hata herufi ya mwisho. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, uandike tarehe. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichoponya ni kipi.

Na kama una prosesa hizo za Intel, tafuta risiti yako leo: kwa zilizouzwa kwenye boksi lake, kampuni iliongeza dhamana kutoka miaka 3 hadi 5.