Mwananchi Hakuulizwa

Wako wazee wenzetu wasemao kwamba michezo ya video ni upuuzi wa watoto, na kwamba safu kama hii haina sababu ya kuishughulikia. Sisi hatukubaliani nao. Jambo linalochukua saa nyingi za vijana wetu, katika simu zao na katika vibanda vya mitaani, huwafunza, tutake tusitake. Inafaa basi tuulize linawafunza nini.

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Space Invaders. Maadui walishuka kutoka angani, naye mchezaji akawapiga risasi. Maadui hao hawakuwa na majina wala madai, wala hapakuwa na mtu wa kuwalilia. Vita vya namna hiyo havimnyimi mtu usingizi.

Lakini imekuja michezo ya namna nyingine. Mchezaji huwekwa katikati ya kambi zinazohasimiana, kila moja ikiwa na hoja zake na kila moja ikiwa na damu mikononi, kisha huambiwa achague. Tutataja miwili iliyotengenezwa Marekani na kuenea duniani.

Wa kwanza ni Fallout: New Vegas, wa kampuni ya Obsidian Entertainment, uliotoka Oktoba 2010. Hadithi yake imewekwa katika jangwa la Mojave mwaka 2281, karne mbili baada ya vita vya nyuklia vya kubuniwa. Kinachogombewa ni Bwawa la Hoover, ambalo ni bwawa la kweli, lililojengwa katika mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona, miaka ya 1930. Mwenye kulishika bwawa hilo ameshika maji na umeme, na jangwani hiyo ni sawa na kuishika nchi yote.

Kambi ya kwanza ni Jamhuri Mpya ya California. Ina sheria na uchaguzi, na inapinga utumwa. Lakini kodi zake ni nzito, majeshi yake yametawanywa kupita uwezo, na matajiri wa mifugo wana sauti kubwa mno serikalini. Mahali paitwapo Bitter Springs askari wake waliwaua wazee na watoto wa kundi la Great Khans waliokuwa wakikimbia. Na ni kweli vilevile kwamba Khans hao walikuwa wamezoea kuwapora na kuwaua raia wa Jamhuri. Kambi ya pili ni Jeshi la Caesar, lililoyatiisha makabila 86. Jeshi hili husulubisha watu na kuwafanya watumwa. Hata hivyo wafanyabiashara hukiri kwamba katika ardhi yake msafara hupita bila kuogopa majambazi. Kambi ya tatu ni Bwana House, tajiri anayeutawala mji wa Vegas kwa nguvu ya maroboti. Yeye ndiye aliyeukinga mji huo na makombora siku ya maangamizi, naye huahidi kuwafikisha wanadamu kwenye nyota. Lakini hataki kura wala ushauri wa mtu.

Mchezo wa pili ni Skyrim, wa Bethesda, uliotoka Novemba 2011. Huko Dola iliyochoshwa na vita imetia sahihi mkataba unaowakataza watu kumwabudu mungu wao Talos. Ulfric Stormcloak amemuua mfalme na kuanzisha uasi kwa jina la dini na ardhi ya wazawa. Madai yake yana nguvu. Lakini katika mji wake wa Windhelm wakimbizi wa asili nyingine wamesongamana katika mtaa wa dhiki, na Waargonia hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Dola nayo haina usafi: mchezaji huanza safari yake akiwa mfungwa anayepelekwa kukatwa kichwa, ingawa jina lake halimo katika orodha ya wahukumiwa. Na anayepekua nyaraka za Thalmor, hasimu wa pande zote mbili, hugundua kwamba hao wanataka vita viendelee tu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Tunasema wazi kwamba michezo hii ina faida. Chuoni tulifunzwa kwamba kadhi asiyesikiliza pande zote mbili amekwisha kudhulumu kabla hajatoa hukumu. Kijana anayelazimika kusikiliza madai ya kila kambi anajifunza jambo hilo. Lakini asije akatoka na fikira kwamba pande zote ni sawa. Njia salama katika nchi ya watumwa haiufuti utumwa wao. Mizani hutumika kupima, na baada ya kupima lazima upande mmoja uzidi. Anayesema kwamba wote ni wamoja, kisha akajitenga, amewaachia uwanja wenye nguvu.

Lipo na kosa jingine kubwa zaidi. Katika New Vegas kuna mji mdogo uitwao Primm, ambao mlinzi wake wa sheria ameuawa na wafungwa waliotoroka. Nani ataulinda sasa? Jeshi la Jamhuri, pamoja na kodi zake? Mfungwa wa zamani anayeijua bunduki? Au roboti? Mwamuzi ni mchezaji, tarishi aliyefika kwa bahati, ambaye kesho ataendelea na safari yake. Wakazi wa Primm hawakai barazani wala hawapigi kura. Hali ni hiyo hiyo kwa jangwa zima: mgeni mmoja huamua bwawa liwe la nani, na mwishoni husimuliwa yaliyoupata kila mji. Akichukizwa na mwisho huo, hurudi nyuma akachagua kambi nyingine. Wakazi hawana pa kurudi.

Huo ndio udanganyifu tunaouogopa, kwamba utata wa haki ni mzigo wa shujaa mmoja, na wananchi ni watu wa kungoja matokeo. Duniani mambo hayaendi hivyo bila ya kuleta dhulma. Pale kambi mbili zinapogombea ardhi au maji, wa kwanza kuulizwa hawana budi kuwa wale wanaolima ardhi hiyo na kunywa maji hayo.

Hatuwaambii wazazi wavunje simu za watoto wao. Tunawashauri wakae nao wakati mwingine, watazame, kisha wawaulize maswali mawili: Katika mji huu uliouamulia, wanaishi akina nani? Na wewe, ulipoamua, uliwauliza? Kijana atakayezoea kujiuliza hivyo mchezoni, siku atakapoitwa katika mkutano wa kijiji chake hatakaa kimya.