Makumbusho huchangiwa kwa darsa: Ufipa nasi tuna cha kusomesha

Waislamu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa kuchangisha. Paa la msikiti likivuja, tangazo hutolewa baada ya swala ya Ijumaa, na haupiti muda mrefu mabati yakaonekana. Ni rahisi, kwa kuwa kila mwenye kuswali humo ameona mvua ikimdondokea. Lakini mtu atachangishwaje kwa ajili ya kitu asichokiona wala kukijua: sarafu ya shaba iliyomo ndani ya kabati la makumbusho, au tanuru la udongo linalomong'onyoka pembezoni mwa shamba la mahindi? Makumbusho mengi duniani yamepata jibu la swali hilo, na sisi tuliolelewa madrasa halitupi tabu kulielewa. Msomeshe mtu kwanza, kisha mwombe.

Jibu lenyewe ni mihadhara ya historia ya sanaa inayotolewa kwa njia ya mtandao. Mtaalamu huketi mbele ya kompyuta mahali alipo, akaonyesha picha za vitu vya kale kimoja baada ya kingine, huku akieleza nani alivitengeneza, kwa kusudi gani, na vilifikaje vilipo leo. Wasikilizaji waliotawanyika miji na nchi mbalimbali humfuata kwa simu au kompyuta kwa muda wa saa moja hivi, wakauliza maswali. Hulipa kiingilio au hutoa mchango wa hiari, na fedha hizo, zote au sehemu yake, huenda kwenye makumbusho au kwenye ukarabati wa kitu kilichozungumzwa.

Njia hii ilishika kasi wakati wa maradhi ya korona. Mwezi Mei 2020 UNESCO ilieleza kwamba takribani asilimia 90 ya makumbusho duniani, yaani zaidi ya taasisi 85,000, yalikuwa yamefunga milango. Mlango ukifungwa, kiingilio nacho hukatika. Waliokuwa na mtandao wakaugeuza kuwa ukumbi.

Hata hivyo, msingi wake ni wa zamani kuliko mtandao. Nchini Kenya, jumuiya ya marafiki wa makumbusho iitwayo Kenya Museum Society, iliyoanzishwa mwaka 1971, imekuwa kwa miaka mingi ikiandaa mihadhara, safari za mafunzo na maonyesho ya sanaa ili kuzisaidia Makumbusho za Taifa za Kenya. Mwaka huohuo wa 1971 liliundwa Marekani shirika la Save Venice, baada ya mafuriko ya 1966 kuharibu hazina za mji wa Venice. Nalo huwasomesha wafadhili wake, ana kwa ana na mtandaoni, juu ya kazi za sanaa linazozikarabati.

Katika taarifa ileile ya UNESCO kulikuwa na tarakimu nyingine iliyotuhusu zaidi. Katika Afrika na visiwa vidogo vinavyoendelea, ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kuwapatia watu chochote kwa njia ya mtandao. Maana yake ni kwamba vitu vyetu vitaendelea kuelezwa na wengine, kwa lugha za wengine, na hadhira ya wengine ndiyo itakayoelimika.

Na vitu hivyo tunavyo. Chukua sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Baadhi yake zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na maneno ya upande mmoja yana kina kimoja na ya upande wa pili, kana kwamba mfua sarafu alikuwa mshairi. Moja imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine 5 ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtu akisimuliwa hayo kwa ramani na picha, ile sarafu aliyokuwa akiipita bila kuitazama inakuwa ushahidi wa bahari nzima ya biashara na elimu. Au chukua mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe yakitaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Asiyejua maana haambiwi maana, na asiyejua thamani haombwi mchango.

Kuchelewa kuna gharama. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa nyumba ya makumbusho, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kwa upande mwingine, Msikiti wa Riyadha wa Lamu umetuonyesha kwamba inawezekana kuwahi. Miswada yake ya kale zaidi ya 100 ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki Lamu kwa wenyewe. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi zikakatika kwa miezi. Picha iliyoko ng'ambo ni msaada mkubwa, lakini haimwondolei mwenye kitu wajibu wa kukitunza.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Pito hadi Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Watoto wengi wa madrasa zetu watamaliza masomo yao bila kuingia humo hata mara moja. Lakini nyanda hizi za Ufipa zenyewe ni makumbusho yasiyo na paa. Hapa wahenga waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha takribani mita 3. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka kitako cha tanuru, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe. Chuma cha kununua kutoka nje kilipozagaa katika karne ya 20, kazi hiyo ikafa. Malungu yaliyosalia yanalowa kila masika, na wazee waliosimuliwa habari zake na baba zao wanapungua kila mwaka.

Zaidi ya hapo, katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa mkoa wetu na Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba upande wa Zambia wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Hayo ni mabaki ya ujenzi wa miti ya kale kuliko yote yanayojulikana duniani. Wenzetu wa Mbala, ng'ambo ya mpaka, wana Makumbusho ya Moto Moto. Je, upande huu darsa la Kalambo litatolewa na nani?

Yapo maneno yanayosemwa, na ni haki yajibiwe. La kwanza ni kwamba malungu si mambo yetu, kwa kuwa uyeyushaji ule uliambatana na dawa na miiko ya jadi. Ni kweli uliambatana nayo. Lakini kujua si kufuata. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya India na imani za watu wake karne 10 zilizopita, naye akabaki Muislamu na mwanachuoni. Wahunzi wale walifanya kazi yao kabla msikiti na kanisa havijafika hapa. Ni wazee wa Wafipa wote, na ufundi wao ni urithi wa kila jirani wa Pito, awe anaswali Ijumaa au anasali Jumapili.

La pili ni la sanamu. Hoja hiyo masheikh wameizungumza kwa kina, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini mihrabu, miswada, sarafu na tanuru la chuma havimo katika mlango huo, na darsa laweza kujaa mwaka mzima kwa vitu kama hivyo.

La tatu ndilo zito kuliko yote: kuna mayatima, kuna wagonjwa, vipi tuchangie vitu vya kale? Hapa pawekwe mpaka ulio wazi. Zaka ina mafungu yake manane, wala makumbusho si fungu la tisa. Mchango wa darsa utoke katika hiari ya mtu baada ya haki za wenye haki. Tukumbuke pia kwamba wakfu katika historia yetu haukulisha masikini peke yake, bali ulijenga maktaba na kulipa wanakili wa vitabu. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya serikali. Shule nazo ni za serikali, na bado wazazi huchangia chakula cha watoto wao.

Kwa kuwa kazi yangu katika kamati ni kushika daftari, naliweka mbele jambo ambalo wataalamu wa sanaa huenda wakalisahau: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujalipia mhadhara wowote, uliza mambo matatu. Fedha zinapokelewa na nani, taasisi yenyewe au mtu binafsi? Ni sehemu gani ya kiingilio inayofika kwenye makumbusho, na ni ipi inayobaki kwa mwandaaji? Na taarifa ya matumizi itatolewa lini? Mwandaaji mkweli atajibu yote matatu kabla ya kupokea shilingi. Asiyeweza kujibu, tumwombee heri na fedha zetu zibaki mfukoni.

Kwa Pito, jambo hili haliko mbali. Simu moja yenye intaneti, projekta ya kuazima na ukuta mweupe wa madrasa vinatosha kwa jioni moja baada ya Isha. Wakaribishwe kina mama na vijana, na majirani wasio Waislamu. Mtaalamu wa chuo kikuu au wa Makumbusho ya Taifa aombwe kusomesha akiwa hukohuko aliko, na wazee wetu wapewe nafasi ya kumjibu, kwani huenda wanajua asiyoyajua. Watoto wa Ufipa walioko Dar es Salaam, Muscat au London waunganishwe. Mchango upite kwa simu hadi akaunti rasmi ya taasisi, na katibu asome hesabu Ijumaa inayofuata.

Tahadhari moja isisahaulike. Mtu asichimbe wala kuhamisha kitu cha kale ili akionyeshe darsani. Tangu mwaka 1964 nchi hii ina sheria ya kulinda mambo ya kale, na kitu kilichong'olewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Apige picha, aandike mahali kilipo, amjulishe afisa utamaduni wa halmashauri.

Amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu (SAW) ilikuwa amri ya kusoma. Yapo yaliyoandikwa kwa wino, na yapo yaliyoandikwa kwa udongo na moto, ambayo mvua huyafuta ukurasa mmoja kila masika. Yale ya Ufipa yana wasomaji wachache waliobaki, na wengi wao wamekwisha pita miaka 70. Tuwakalishe mbele ya watoto wetu wangali na sauti.

Wabillahi tawfiq.