Mashine Iliyofundishwa Kutazama Galaksi

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za Ofer Lahav, mwanasayansi mzaliwa wa Israeli aliyefanya kazi Uingereza, kwanza Cambridge, kisha chuo kikuu cha UCL, London.

Miaka ya 1990 yeye na wenzake walichukua picha za galaksi 831. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota. Hili letu peke yake lina mabilioni. Mabingwa sita waliombwa, kila mmoja kivyake, waseme kila galaksi ina umbo gani. Kuna zilizo laini kama yai. Kuna zenye mikono iliyojikunja kama jongoo aliyeguswa.

Mabingwa wakatofautiana! Watu waliotazama galaksi miaka nenda miaka rudi, huyu akasema hivi, yule vile.

Kompyuta nayo ikaingizwa darasani. Ilipewa vipimo vya kila picha pamoja na jibu la bingwa. Ikakisia, ikakosea, ikajirekebisha, ikarudia tena na tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kompyuta ilitofautiana na bingwa kwa kiasi kilekile ambacho bingwa hutofautiana na bingwa mwenzake. Hapo ndipo ninapoipenda hadithi hii, kwa sababu mwanafunzi alimfikia mwalimu wake.

Lakini je, galaksi zikiwa mamilioni, na swali si umbo tena bali umbali? Mwaka 2004, Lahav na Adrian Collister walitoa programu iitwayo ANNz, inayokadiria umbali wa galaksi kwa rangi zake. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaotoka mbali huvutika njiani, ukaelekea wekundu. Kuupima wekundu huo kwa usahihi kunachukua muda mrefu. Basi galaksi chache zilizopimwa vizuri zikawa mifano, kompyuta ikajifunzia hapo kukadiria nyingine.

Baadaye Lahav akawa miongoni mwa viongozi wa mradi mkubwa wenye darubini mlimani huko Chile. Kati ya 2013 na 2019, kamera ya pikseli milioni 570 ilipiga picha za anga kwa usiku 758, ikanasa galaksi mamia ya mamilioni. Walitaka kujua kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kisababishi hicho kimepewa jina la nishati ya giza, na hadi leo hakuna anayejua ni kitu gani.

Nanyi pia mnaweza kutazama galaksi. Novemba ikifika, usiku usio na mbalamwezi, tokeni mbali na taa za mji mtazame kaskazini. Kidoa hafifu kama moshi mtakachokiona ni galaksi ya Andromeda, na mtaiona kwa macho yenu wenyewe.