Vita vya Shela na Kuhama kwa Mamlaka katika Pwani ya Kaskazini

Vita vya Shela, ambavyo wanahistoria wengi huviweka katika miaka ya 1812 na 1813, vilipiganwa kwa muda mfupi katika ufuko wa kisiwa cha Lamu. Hata hivyo, matokeo yake yalibadili mizani ya mamlaka kutoka Pate hadi Pemba. Suala linalohitaji maelezo ni kwamba Lamu ilishinda, lakini aliyevuna ushindi huo alikuwa Maskati.

Mazrui wa Mombasa walikuwa maliwali wa Oman tangu enzi za Yaarubi, na walikataa kuwatambua Busaidi waliorithi utawala huo. Wakishirikiana na Pate, walitaka kuidhibiti Lamu. Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika katika pande mbili, Zena na Suudi, lakini tishio la nje liliwaunganisha chini ya Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Tungo zake na za Muyaka bin Haji wa Mombasa kuhusu uhasama huo zimehifadhiwa. Yafaa zisomwe kama silaha za vita kabla ya kusomwa kama taarifa.

Wavamizi walishuka Shela, kusini mwa mji. Watu wa Lamu waliwakabili na kuwarudisha nyuma hadi pwani. Masimulizi yanaeleza kuwa maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, hivyo waliokimbilia baharini hawakupata njia. Wengi waliuawa hapo, na mifupa yao ilionekana kwenye vilima vya mchanga kwa miaka mingi baadaye.

Ushindi huo haukuleta utulivu. Mombasa bado ilikuwa na uwezo wa kulipiza kisasi, na hofu hiyo ndiyo iliyoamua mambo. Wazee wa Lamu walimwomba Said bin Sultan awalinde, naye akaleta liwali na askari. Hali hii inakumbusha Panipat mwaka 1526, ambako Babur, aliyekuwa ameitwa na Daulat Khan Lodi wa Punjab, alimshinda Ibrahim Lodi na kujitwalia Delhi. Tofauti ni kwamba Lamu ilimwita mlinzi baada ya kushinda yenyewe.

Kutoka Lamu, Busaidi walipata kituo kaskazini mwa Mombasa. Pate na Pemba ziliangukia mikononi mwao mwanzoni mwa miaka ya 1820, na Mombasa yenyewe mwaka 1837. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ikawa makao ya askari wa Said.