Unanunua CCTV? Uliza lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Ploti ninayoishi hapa Machakos ina kamera nne za CCTV. Mwaka jana, mwendo wa saa nane usiku, mtu aliingia, akakata kufuli na kuondoka na pikipiki ya jirani yangu. Kamera zote nne zilikuwa zinafanya kazi.

Asubuhi tulijazana kwa keateka kutazama video. Tuliona geti likifunguka. Tukaona jamaa mwenye jaketi akiisukuma ile boda polepole, utadhani ni yake. Kisha akageuka, akatazama kamera moja kwa moja. Uso wake ulikuwa doa jeupe tu, hauna macho wala mdomo. Afisa aliyekuja kuandika taarifa aliuliza swali moja: “Sasa huyu ni nani?”

Sote tulinyamaza. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na jirani bado analipia kitu ambacho hana.

Kwa hivyo kama unapanga kuweka kamera kwa duka lako la M-Pesa, kinyozi au nyumbani, nisikize kidogo kabla hujapanda matatu kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta bei ya chini.

Wauzaji wengi watakuimbia megapikseli, kwa sababu namba kubwa inauzika. Lakini chukua kamera mbili ambazo kihisi chake cha mwanga kina ukubwa sawa. Ile ya megapikseli 8 imekikata kihisi hicho vipande vingi na vidogo kuliko ile ya megapikseli 2, kwa hivyo kila kipande kinapata mwangaza kidogo. Mchana hutaona tofauti mbaya. Usiku picha inajaa chenga. Ukitaka pikseli nyingi, basi hakikisha na kihisi chenyewe ni kikubwa.

Sasa njoo kwa lenzi, maana mwangaza wote unapitia hapo. Fikiria ndoo unayokingia maji ya mvua: mdomo ukiwa mpana, maji yanaingia mengi. Upana wa tundu la lenzi huandikwa kwa herufi f, kwa mfano f/2.0, f/1.6 au f/1.0. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.6 huingiza mwangaza kama mara moja na nusu ukilinganisha na ya f/2.0. Ile ya f/1.0 huingiza mara nne. Ukiuliza namba hii na muuzaji akuangalie tu, nenda duka linalofuata.

Namba ya pili ni milimita. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya milimita 2.8, na watu huipenda kwa sababu inaona ploti nzima. Shida ni kwamba inaona kila kitu kidogo kidogo. Piga hesabu na mimi. Geti likiwa mita 10 kutoka kwa kamera ya megapikseli 2, lenzi hiyo inachukua upana wa karibu mita 20. Picha ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hivyo kila mita inapata chini ya 100. Kipimo kinachotumika sana kwa kamera za usalama ni pikseli 250 kwa kila mita ndipo umtambue mtu usiyemjua. Ukiweka lenzi ya milimita 8 pale pale, upana unashuka hadi chini ya mita 7, na kila mita inapata karibu pikseli 280. Hapo uso unakuwa uso.

Ndio maana mafundi wanaojua kazi huchanganya: kamera moja ya lenzi pana kuona mtu ameenda wapi, na nyingine ya lenzi ndefu imekazia macho geti au kaunta. Kama hujui umbali kamili, tafuta lenzi inayorekebishika kati ya milimita 2.8 na 12. Kumbuka tu kwamba lenzi za aina hii zikivutwa mbele, mara nyingi tundu hupungua na mwangaza pia.

Lile doa jeupe kwenye uso lilitoka wapi? Usiku kamera huwasha vitaa vya infraredi ambavyo jicho letu halivioni vizuri. Yetu iko chini ya mabati, karibu na ukuta mweupe. Mwanga uligonga ukuta ukarudi kwa lenzi, na mtu aliyepita karibu akaungua kwenye picha. Vumbi na utando wa buibui kwenye kioo hufanya vivyo hivyo, kwa hivyo pangusa angalau kila mwezi. Pia uliza kama lenzi imetengenezwa kwa infraredi. Ile ya kawaida inaweza kuwa kali mchana, halafu usiku ikapoteza fokasi.

Giza likizidi, kamera nyingine huacha shata wazi kwa muda mrefu. Picha inang’aa vizuri, lakini mtu anayetembea anakuwa moshi. Mwambie fundi aweke 1/60 ya sekunde hivi, kisha ongeza taa ya stima getini. Balbu moja mahali pazuri inaweza kukusaidia kuliko kubadilisha kamera.

La mwisho, usilipe pesa zote mchana. Bakisha kiasi, ngoja saa tatu usiku, umtume rafiki aingie getini akitembea kawaida. Simamisha video, umwonyeshe mtu ambaye hamjui rafiki yako, kisha mlete huyo rafiki pamoja na watu wengine wawili. Akishindwa kusema ni yupi, fundi arudi kwa ngazi.

Kwetu landlodi alikubali kubadilisha kamera moja tu, ya getini. Sasa hata kovu la keateka tunaliona usiku. Jirani aliangalia picha ile mpya, akatikisa kichwa, akaenda kazini. Siku hizi anaendesha pikipiki ya mtu mwingine.