Betri Zisizotoka: Biashara ya Taa, Tochi na Simu Ngara na Biharamulo

Betri ya kuchaji iliyofungiwa ndani ya kifaa ndiyo inayopanga umri wa kifaa chote. Taa za LED huwaka kwa maelfu ya saa bila kupungua nuru kwa kiasi cha kuonekana. Paneli ya sola iliyotengenezwa vizuri huhesabiwa miaka ishirini na zaidi, na ganda la plastiki huvumilia kuangushwa mara nyingi. Betri huchoka kabla ya hivyo vyote. Anayenunua taa ya sola, tochi ya kichwani, spika ndogo au simu janja ambayo betri yake haitoki ananunua betri kwanza, na vingine huja kama nyongeza. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ununuzi huo hufanywa kila siku ya soko, na bei iliyobandikwa kwenye boksi haisemi chochote kuhusu umri wa kilichomo ndani.

Soko la vifaa hivi limejengwa na historia ya umeme wa eneo lenyewe. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO. Mambo yamebadilika. Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, sasa yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ulianza kuzalisha mwaka 2023, na njia kubwa ya umeme inatoka hapo hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mteja wa kijijini huunganishiwa umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kwa shilingi 27,000. Hata hivyo nguzo hufuata barabara na kusimama penye shule, zahanati na maduka, wakati nyumba nyingi za Ngara zimetawanyika vilimani, kila moja ndani ya migomba yake. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya watu laki tatu katika kila wilaya, na wengi wao waliishi vijijini. Kati ya nguzo ya mwisho na nyumba ya mwisho kuna nafasi, na nafasi hiyo imejazwa na betri.

Bidhaa hufika kwa barabara ileile ya malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura. Mzigo wa Kariakoo, Dar es Salaam, hupita Kahama, ukafika Nyakanazi na Lusahunga, kisha ukagawanyika: mwingine kuelekea Biharamulo mjini, mwingine kwenda Nyakahura, Benaco na Rusumo, au Ngara mjini na Kabanga. Madukani taa zenye nembo zinazofahamika na udhamini hukaa rafu moja na tochi zisizo na jina la mtengenezaji. Minadani machinga hutandaza turubai, akawasha tochi zote kwa pamoja ili mteja aone mwanga. Kuona mwanga ni kipimo kibovu kuliko vyote, kwa kuwa betri iliyobakiwa na robo ya uwezo wake huwasha taa kwa ukali uleule kwa dakika chache za kwanza.

Tofauti ya umri huanzia kwenye kemia. Tochi nyingi za bei ya chini, zile zenye pini za kuchomeka moja kwa moja ukutani, hubeba betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4. Betri ya risasi haipendi kukaa bila chaji: ikilala tupu kwa wiki kadhaa, sahani zake huota chumvi ngumu isiyoyeyuka tena, na uwezo uliopotea haurudi. Tochi hizo mara nyingi hazina saketi ya kukata chaji ikijaa, kwa hiyo ikiachwa ukutani usiku kucha maji yaliyomo hukauka kidogo kidogo. Betri hiyo huharibiwa na kusahauliwa kabatini, na huharibiwa vilevile na kusahauliwa kwenye umeme. Masika nayo yana taabu zake. Mawingu ya siku nzima huifanya paneli ijaze nusu tu, na nusu hiyo ikirudiwa wiki nzima huiumiza betri ya risasi, ingawa ya lithiamu haijali.

Betri za lithiamu ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza, yenye volti 3.7, ndiyo ya simu, pawa benki na tochi nyingi za USB. Hujazwa hadi volti 4.2 na kwa kawaida huhesabiwa mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Mzunguko mmoja ni kutumia chaji yote na kuijaza tena. Kutumia nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja pia. Ya pili ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, yenye volti 3.2. Kwa uzito uleule hubeba nishati pungufu, lakini hufikisha mizunguko 2,000 na kuendelea, na si rahisi kushika moto. Taa nyingi za sola zilizopitia vipimo vya ubora sasa hutumia hii ya pili.

Chukua taa ya mezani yenye betri ya fosfeti ya miliampia-saa (mAh) 1,500. Zidisha kwa volti 3.2, unapata wati-saa 4.8. Ikiwaka kwa nusu wati, ambayo inamtosha mwanafunzi anayesoma, na ukitoa upotevu wa njiani, inakaa saa nane hivi. Ikitumika yote kila usiku, mizunguko 2,000 inapita miaka mitano, na hata hapo taa haizimiki bali inakaa saa sita na ushee badala ya nane. Taa ya umbo lilelile yenye betri ya kawaida ya simu, kwa mizunguko 500, inafika hali hiyo baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Dukani zinaweza kupishana bei kidogo sana, na maandishi ya boksi mara nyingi hutaja mAh bila kutaja aina ya betri, jambo ambalo mnunuzi angepaswa kuambiwa kwanza.

Hali ya hewa inaisaidia Ngara. Joto ndilo linalozeesha lithiamu hata ikiwa haitumiki, hasa ikikaa imejaa. Vilima vya Ngara, vilivyo juu zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, vina ubaridi ambao Dar es Salaam haina, na simu ileile ikitunzwa vilevile itazeeka polepole zaidi Rulenge kuliko Mbagala. Faida hiyo lakini hupotezwa juani. Taa ndogo ambazo paneli imebandikwa mgongoni mwa taa yenyewe hazina budi kuanikwa nzima, na mahali panapoonekana pazuri ni juu ya bati. Mchana wa kiangazi bati huunguza kiganja. Taa inayochajiwa hapo inajazwa na kupikwa kwa wakati mmoja. Zile ambazo paneli huachwa nje na waya ukaingia ndani hukwepa balaa hilo, na ni sababu tosha ya kuongeza pesa kidogo.

Matumizi mazito zaidi yako machimboni. Biharamulo ni wilaya ya dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulifanya kazi huko kuanzia mwaka 2005, ukachukuliwa na shirika la madini la taifa, STAMICO, mwaka 2013, na wachimbaji wadogo wako maeneo kama Mavota. Ndani ya shimo tochi ya kichwani huwaka mfululizo hadi inapozima yenyewe, kisha huchajiwa haraka ili irudi kazini. Tochi inayopokezanwa na zamu mbili inamaliza mizunguko miwili kwa siku, kwa hiyo betri ya mizunguko 500 inakwisha katika miezi minane hivi. Kwa mchimbaji, tochi ni matumizi ya uendeshaji kama sururu na kamba, na hesabu inayomfaa ni shilingi kwa kila zamu. Kwa kipimo hicho tochi ya bei rahisi mara nyingi hutoka ghali.

Vifaa vya sola vya kulipa kidogo kidogo vimeleta hesabu nyingine. Mteja hutoa malipo ya mwanzo, kisha hulipa kwa simu kwa siku, wiki au mwezi, na asipolipa mtambo hujifunga. Kwa mkulima wa kahawa au maharage, pesa huja kwa msimu na deni huja kila siku. Mtambo uliojifunga ukiachwa umeunganishwa na paneli kwa kawaida hauna neno. Paneli ikichomolewa na boksi likasukumwa chini ya kitanda, betri huendelea kujimaliza taratibu hadi volti zishuke chini ya kiwango ambacho saketi yake ya ulinzi inaruhusu, na malipo yakirudi betri huenda isiamke. Viwango vya ubora vya kimataifa vinavyofuatwa na watengenezaji wakubwa, vilivyoanzishwa chini ya mpango wa Lighting Global na tangu mwaka 2020 kusimamiwa kwa jina la VeraSol, vinadai udhamini usiopungua mwaka mmoja kwa taa ndogo na miaka miwili kwa mitambo ya nyumbani. Mkataba wa malipo unaofika miaka mitatu unaupita udhamini huo. Mwaka wa mwisho, basi, mteja anaweza kuwa analipia betri ambayo hakuna anayewajibika nayo.

Udhamini nao una thamani kadiri kampuni inavyodumu. Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na makao ya biashara yake ya Tanzania Arusha, iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2019 na mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Wateja walipata mrithi wa kuwahudumia. Si kila kampuni inayoyumba huacha mrithi.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Neno "haitoki" kwenye kifaa lina maana ya kwamba mtengenezaji hakukusudia betri itolewe na mwenye kifaa. Kwa fundi wa simu mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu, karibu kila kitu hutoka. Tochi ya kichwani hufunguka kwa skrubu nne, mara nyingi zimefichwa chini ya kibandiko. Ndani kuna seli moja ya mviringo, unene wa milimita 18 na urefu wa 65, imeshikwa na vipande viwili vya bati jembamba. Kazi ngumu si kuitoa bali kupata ya kuirudishia. Sokoni kuna seli za ukubwa huo zilizoandikwa mAh 9,900, na hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza seli kama hiyo: zilizo bora kwa kawaida huishia mAh 3,500 na kidogo. Mzani hutoa jawabu upesi. Seli halali kwa kawaida huwa na gramu 45 hivi au zaidi, na feki huwa nyepesi kwa kuwa ndani ya ganda mna seli ndogo au vumbi la kujazia. Jambo jingine la kuangaliwa ni kuchanganya aina: seli ya volti 3.2 ikiwekwa kwenye saketi ya volti 4.2 hulishwa kupita kiasi kila siku, na betri mpya hufa kabla ya ile ya zamani ingekufa.

Simu za kitochi zinaonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Betri ya BL-5C, iliyoanzia kwenye simu za Nokia, hutoka kwa ukucha. Viwanda vingine viliiga umbo lake, na leo redio ndogo na spika nyingi za Kichina hubeba betri hiyohiyo, kiasi kwamba mwenye redio kijijini huazima betri ya simu kusikiliza habari, kisha akairudisha. Hakuna sheria iliyovilazimisha viwanda hivyo. Soko lenyewe lilifanya betri kuwa kipuri. Simu janja zimeondoa uhuru huo ili ziwe nyembamba, na kubadilisha betri zake ni kuipasha joto gundi na kubandua kioo, kazi ambayo ikiharibika hugharimu kioo pia.

Ulaya imelirudia suala hilo kwa njia ya sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji kuanzia Februari 18, 2027. Sigara za kielektroni za kutumia na kutupa ndizo zilizofanya watu waone upotevu ulipofika: seli nzima ya lithiamu, inayoweza kuchajiwa mara mamia, ilikuwa inatupwa mara maji ya ladha yanapokwisha. Ubelgiji ilipiga marufuku sigara za aina hiyo Januari 2025, na Uingereza ikafuata Juni mwaka huo. Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroni, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hata hivyo, mwenye taa iliyokufa huko Murusagamba, wilayani Ngara, hubaki na shimo la taka, choo, au fundi anayenunua mabovu kwa ajili ya vipuri. Njia ya tatu ndiyo yenye manufaa kwa pande zote, na inafanyika bila ruzuku ya mtu.

Ngara yenyewe ina madini ya betri ardhini. Nikeli ya Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, iligunduliwa miaka ya 1970 na kupita mikononi mwa kampuni kadhaa za kigeni. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa Tembo Nickel, ambamo Tanzania ina hisa asilimia 16, kwa mpango wa kusafisha madini hayo Kahama. Baadhi ya taa ndogo za sola za kizazi cha kwanza zilikuwa na betri za nikeli. Zilizozifuata zimehamia fosfeti, ambayo haina nikeli wala kobalti, na watengenezaji wa magari ya umeme ya bei nafuu wamehamia hukohuko. Nikeli imebaki kwenye betri za magari yanayotakiwa kwenda mbali kwa chaji moja, na sehemu kubwa zaidi ya nikeli ya dunia huishia kwenye chuma kisichoshika kutu.